Mchore babu kama mfalme: wino wa enzi ya Baroko

Ukitaka mtu aonekane ana mamlaka kwenye mchoro wa wino, keti chini kabla hujashika kalamu. Mimi nilijifunza hilo kwa babu yangu, hapa Mufindi. Siku ya kwanza nilimchora nimesimama, yeye yuko kwenye kigoda na mgolole wake begani. Akatokea mzee mchovu tu. Kesho yake nikakaa mkekani, macho yangu usawa wa magoti yake. Magoti yakaja mbele, makubwa, mgolole ukashuka kama mteremko wa mlima, na kidevu kikawa juu yangu.

Wino natengeneza mwenyewe. Chemsha magome ya miwati mpaka maji yawe mekundu kama chai ya rangi, chuja, tia misumari yenye kutu na siki kidogo, acha siku kadhaa. Yatakuwa meusi. Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 17, enzi hiyo ya Baroko, walifuata njia hiyohiyo, ila wao walitumia vinundu vya mti wa mwaloni. Wengine walichemsha masizi ya kuni wakapata kahawia. Kalamu nachonga kwa mwanzi wa ulanzi.

Sasa sehemu ngumu: usiupake uso. Zimua wino kwa maji, upake nyuma ya kichwa na chini ya kigoda, uso ubaki karatasi tupu. Guercino wa Italia (1591–1666) alikuwa fundi wa hilo. Mwanga wake ni karatasi aliyoiacha. Kwenye mgolole, chagua mikunjo miwili au mitatu uikoleze, mingine iache.

Halafu tazama michoro ambayo Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyekuwa Amsterdam na hakuwahi kufika India, alinakili kutoka picha za Wamughali, watawala wa India wa wakati huo, kati ya mwaka 1656 na 1661 hivi. Ipo 23 iliyobaki. Shah Jahan wake, mfalme wa Wamughali, amechorwa kwa mistari michache mno, lakini anavyosimama tu unajua nani anatoa amri.

Mwisho ongeza mtu wa pili. Mdogo wangu alipoingia na kikombe, akapiga goti kusalimia: "Kamwene, babu." Nilichora mgongo wake ulioinama kwa mstari mmoja mwembamba, na babu akakua papo hapo bila mimi kumgusa.

Msimu wa ukungu, kausha karatasi mbali kidogo na jiko. Ukiisogeza karibu inajikunja.