Kuzindua riwaya ya wakati ujao Mombasa: watu waje na ubishi wao

Mgeni wa uzinduzi wa riwaya ya mapenzi anajua anachokuja kusikia. Wa riwaya ya wakati ujao hajui, na ni kazi yako kumwonyesha kwamba dunia uliyoibuni inamhusu. Mfano nitakaotumia ni riwaya yangu: bahari imepanda, na mitaa ya Mji wa Kale huonekana wakati wa bamvua tu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakipwa kabisa. Wenye nyumba hurudi kwa saa chache, kisha hukimbia.

Hatua ya 1: Andika swali la kitabu

Sentensi moja, wala isiwe muhtasari wa hadithi. Langu ni hili: nyumba iliyozama ni ya nani? Msomee mtu asiyesoma riwaya, shangazi yako au dereva wa tuktuk. Akianza kukubishia, swali limeiva. Akisema "hongera" akanyamaza, liandike upya. Hapa Pwani, ukitaja nyumba na hati tu, watu wanavuta viti.

Hatua ya 2: Mwite mwenye jambo lake

Usijaze jukwaa waandishi mkasifiana. Mimi nataka mvuvi na wakili wa kesi za ardhi. Mvuvi ataeleza kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwamba hapa Mombasa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Sayansi ya riwaya yako yote imo humo, na watu watamwamini yeye kuliko wewe. Wakili naye aulizwe swali la hatua ya 1, bila kupewa jibu la kitabu.

Hatua ya 3: Chagua kipande cha kusoma

Dakika 5 hadi 7. Ruka kurasa zinazoeleza dunia ilivyobadilika. Soma pale mtu anapotaka kitu. Mimi husoma bibi akiwa mbele ya mlango wake wa nakshi. Mbao zimevimba kwa chumvi, ufunguo umeingia lakini hauzunguki, na maji yameshafika kwenye baraza ya jirani. Baada ya hapo huna haja ya kueleza lolote kuhusu tabianchi.

Hatua ya 4: Makaratasi

ISBN, nambari ya kutambulisha kitabu, huombwa KNLS (huduma ya maktaba ya taifa), haki miliki husajiliwa KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya). Maliza kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, maana nambari ya ISBN inachapwa kwenye jalada.

Hatua ya 5: Saa

Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri, mmalize kabla ya Magharibi. Wa Likoni wana feri ya kuvuka.

Hatua ya 6: Maswali

Yape nusu ya muda. Lazima atatokea mzee wa kuuliza kama huu ni utabiri, na kama kutabiri ni halali. Mjibu kwa heshima: hutabiri, unauliza. Unaweza kumkumbusha kuhusu mwandishi Katama Mkangi, mwana wa Pwani, ambaye katika riwaya yake *Walenisi* (1995) alimrusha mhukumiwa kwa chombo cha angani ili tuitazame jamii yetu wenyewe.

Hatua ya 7: Meza ya vitabu

Iweke mlangoni, nambari ya till ya M-Pesa ibandikwe kwa herufi kubwa. Malipo apokee mtu mwingine. Wewe saini na uzungumze, kwa sababu walioona haya kushika maikrofoni watakuuliza hapo.