Jinsi ya Kuhamisha Amana ya Nyumba Mpangaji Mwenza Anapobadilishwa Katikati ya Mkataba, California

Katika jimbo la California, wapangaji waliotia saini mkataba mmoja huchukuliwa na mwenye nyumba kama mpangaji mmoja, na amana yao, ambayo wengi wetu huiita depoziti, hubaki mkononi mwake mpaka nyumba nzima irudishwe. Kwa hiyo anayehama kabla ya mkataba kwisha kwa kawaida hupata fedha zake kutoka kwa yule anayeingia.

Anzeni kwa ombi la maandishi kwa mwenye nyumba, mkitaja anayetoka, anayeingia na tarehe ya makabidhiano. Mwenye nyumba anaweza kuchunguza kipato na rekodi ya mikopo ya mwombaji. Mpangaji mpya asilete mizigo yake kabla ya idhini, kwa kuwa mikataba mingi inalikataza jambo hilo.

Kabla ya kulipana senti yoyote, kagueni nyumba pamoja na mpige picha. Hapa ndipo watu hufanya haraka wakajuta. Tuseme amana ni dola 2,400 na wapangaji ni watatu, kila mmoja ana fungu la dola 800. Mkikuta kaunta ya jiko imeungua alama ya duara ya sufuria, na fundi akakadiria dola 150, aliyeiunguza apokee dola 650 tu, kwa sababu siku ya mwisho mwenye nyumba atakata gharama hiyo katika amana yote bila kuuliza siku ile alipika nani. Zulia lililochakaa mlangoni lisiwagombanishe: huo ni uchakavu wa kawaida, na sheria hairuhusu ukatiwe fedha.

Kisha andaeni nyongeza ya mkataba inayomwondoa mmoja, inayomwingiza mwingine, na inayotamka kwamba lile fungu la dola 800 sasa ni la mpangaji mpya. Wote watie saini, akiwamo mwenye nyumba, maana makubaliano ya wapangaji peke yao hayamfungi yeye. Hati hiyo imwondolee pia anayetoka wajibu wa kodi ya miezi iliyobaki, la sivyo anaweza kudaiwa hata akiwa ameshahama. Malipo yapitie benki, yaache kumbukumbu.

Mpangaji mpya akitakiwa kuongeza amana juu ya ile iliyopo, ulizeni kwa msingi gani: tangu tarehe 1 Julai 2024 amana mpya haipaswi kuzidi kodi ya mwezi mmoja, isipokuwa kwa baadhi ya wamiliki wadogo, wanaoruhusiwa miezi miwili.

Nyumba ikirudishwa, mwenye nyumba ana siku 21 za kutuma salio pamoja na orodha ya makato, kwa hiyo mwachieni anwani zenu mpya kwa maandishi. Asipofanya hivyo, mpangaji anaweza kufungua shauri katika mahakama ya madai madogo, ambayo husikiliza madai ya mtu binafsi yasiyozidi dola 12,500, na ambamo kila upande hujieleza wenyewe bila wakili.