Somo: namba yako itoke mdomoni hata kama simu imezimika

Habari wakuu, somo la leo ni fupi lakini linawagusa hata nyinyi mnaojiona wajanja. Simama karibu na kibanda chochote cha mobaili mani hapa Kampala, utasikia ajenti anamuuliza mtu namba, mtu anaanza "ziro seveni... ngoja ngoja", anatoa simu, anapekua, foleni inaanza kunung'unika. Na huyo bado ana bahati, simu anayo. Ikinyakuliwa pale Old Taxi Park ndo utajua hujui, msamaria anakuazima yake, kidole kiko tayari kubonyeza, na kichwani hakuna namba ya mke wala ya mama wala yako mwenyewe ujaribu kuipigia huyo mwizi.

Tuelewane mapema, shida si kichwa kibovu. Namba yako wewe huipigi hata siku moja, unabipu mtu anaisevu imeisha. Sasa kitu ambacho mdomo hausemi kichwa kitakitunza vipi? Kwa hiyo hizi hatua zote ni za kuuzoesha mdomo kuitoa namba bila macho kusaidia, hakuna uchawi mwingine.

HATUA YA 1: punguza mzigo
Namba zetu zina tarakimu 10 lakini 0 na 7 za mbele karibu kila laini ya mkononi inazo, na ya tatu inakuja na kampuni, 077 na 078 unajua ni MTN, 070 na 075 ni Airtel. Kumbe umebaki na saba tu. Kuna mwanasaikolojia Mmarekani, George Miller, aliandika mwaka 1956 kwamba kichwa kwa mpigo mmoja kinashika vitu kama saba hivi, ongeza viwili au toa viwili, ila waliokuja kuchunguza baada yake wakashusha mpaka kama vinne. Ndo maana ukizimeza tarakimu zote kwa mkupuo zinakutoka.

HATUA YA 2: kata vipande, na ukishakata usibadilishe
Hapa ndo wengi mnaharibu. Leo unaitaja nne-tatu-tatu, kesho mbili mbili, keshokutwa umetia "dabo" katikati, halafu ajenti akikusomea kwa mkato wake unamwambia hapana ssebo (bwana) hiyo si yangu, na ni yako. Chagua mkato mmoja, mpigo mmoja na lugha moja. Lugha ipi? Ile unayoulizwa nayo mara nyingi. Wengi wetu hapa tunaongea Kiswahili nyumbani lakini namba tunataja kwa Kiingereza, si dhambi, ilimradi iwe hivyo hivyo kila siku.

HATUA YA 3: tundika tarakimu kwenye kitu unachokijua tayari
Miaka ndo rahisi kwetu. 62 uhuru. 72 John Akii-Bua anachukua dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi kule Munich. 78 Cranes, timu yetu ya taifa ya mpira, wanafika fainali ya Kombe la Afrika wanafungwa na Ghana (wazee wa mpira bado inawauma). 79 Amin anakimbia. 86 Museveni anachukua nchi, sina haja ya kueleza. 12 Kiprotich anashinda marathoni ya Olimpiki London. Sasa tuseme sita zako za mwisho ni 786212, hapo mtu unaona fujo, lakini ukikata mbili mbili ni Cranes, uhuru, Kiprotich. Basi mkato wako ndo umekuwa nne-mbili-mbili-mbili, umekaa, usiuguse tena. Namba nzima siandiki hapa manake kama ni ya mtu mtampigia mpaka avunje laini.

Zako zikikataa miaka tumia chochote, namba ya nyumba, kilo, bei ya kitu unachouza dukani. Kikiwa cha kuchekesha ndo kinakaa zaidi.

HATUA YA 4: jiulize, usijisomee
Kuitazama namba mara mia hakusaidii kama kuitafuta kichwani mara tano. Geuza simu kifudifudi, itamke, halafu ndo uangalie kama umepatia. Rudia baada ya dakika chache, rudia jioni, rudia kesho, kisha acha siku mbili tatu, kisha wiki. Ukikosea sahihisha hapo hapo usiache kosa lilale. Ukinunua eataimu au ukituma sente (pesa) kwenye laini yako taja kwa mdomo, usimpe muuzaji simu asome mwenyewe. Wa boda akiuliza namba vilevile.

HATUA YA 5: zingine
Usitake kujaza kila kitu. Yako, ya mtu mmoja wa nyumbani anayepokea simu kweli (si yule wa kuona missed call kesho), na pini. TIN ya URA, ile namba ya mlipa kodi, iandike mahali, haiulizwi kila siku.

NIN ya kitambulisho cha taifa inatisha kwa sababu ni herufi na tarakimu 14, lakini nne za mwanzo unazo tayari. C ya raia, kisha M kwa mwanamume au F kwa mwanamke, halafu tarakimu mbili za mwaka wako wa kuzaliwa. Zimebaki kumi, kata kama ulivyokata simu.

Na pini jamani, pini isiwe mwaka wa kuzaliwa. Mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho na simu vinaibiwa pamoja kwenye mkoba mmoja, umemwachia mwizi ufunguo na mlango.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama mmoja wa Bombo: mwanangu yuko P.2 (darasa la pili), namba yangu hashiki kabisa, nimfanyeje?
Jibu: Mama, muimbie. Chukua wimbo anaoupenda, toa maneno weka tarakimu, mwimbe mkienda shule. Yako moja tu kwanza. Akishaiweza mfundishe 116, ni laini ya msaada kwa watoto. Na mwambie ni nani wa kumpa namba, mwalimu au askari, si kila anayemgawia peremende.

Mfanyabiashara, Busia: mimi nina laini tatu, mbili za Uganda moja ya Kenya, zinagombana kichwani.
Jibu: Zitagombana tu ukizijifunza pamoja boss. Shika moja, ile yenye sente, mpaka uitamke usingizini, ndo uingie ya pili. Na kwa sababu unavuka mpaka, kumbuka ukiweka +256 ile 0 ya mbele inaondoka, wa ng'ambo anayeandika +2560 hatakupata. Ya Kenya ni hivyo hivyo na +254.

Dereva wa boda, Mbale: kwani kuna shida gani, mimi nabipu mtu anaisevu, kazi imeisha.
Jibu: Chaji ikiisha unabipu na nini kaka, na kofia?

Dada wa Arua: nimejisevu "Mimi" kwenye simu, haitoshi?
Jibu: Inakusaidia simu ikiwa mkononi na imewaka. Ongeza kikaratasi kwenye pochi, namba yako na ya mtu wa nyumbani. Pini usiandike hapo, wala nyuma ya kava ya simu, huko ndo wanaangalia kwanza.

Kutoka Jinja: mama yangu ni mzee, zamani alikuwa na namba za ukoo wote kichwani, siku hizi hata yake inampotea, na mwaka huu imezidi.
Jibu: Pole ndugu. Kushindwa kushika namba mpya kwa umri wake si ajabu, lakini kama anapoteza zile alizozijua miaka na miaka, au anapotea njia aliyoizoea, hiyo si ya kufundishana hapa, mpeleke akaonwe na daktari. Kwa sasa mshonee namba yako ndani ya mfuko wa gomesi, lile vazi lake, na usimwulize namba mbele za watu.

Kijana, Tororo: kwenye NIN nachanganya herufi O na sufuri, nimeshakataliwa.
Jibu: Ukiitamka, sufuri iite "sufuri" na herufi iite "o", usitumie "o" kwa zote mbili kama tunavyofanya kwenye simu. Na ukiijaza popote linganisha na kadi yenyewe, usikopi kutoka kwenye mesiji uliyomtumia mtu mwaka juzi.