Mashua kuukuu ya tanga: shughulikia maji kwanza, upepo baadaye

Anayenunua mashua iliyotumika huanza kwa kulitazama tanga na rangi. Vyote hivyo vinaweza kungoja. Mashua huzama kwa sababu ya chini yake.

Hatua ya 1: Ilaze ubavu

Toa kila kitu ndani, uilaze juu ya magogo. Gonga ubao mmoja mmoja kwa nyundo ndogo: mzima hulia "ko", uliooza sauti yake hufifia. Ukitia shaka, choma kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, ubao huo ubadilishwe. Maji ya mvua huozesha kuliko ya chumvi, kwa hiyo anzia mguu wa mlingoti, tezi (nyuma ya mashua) kwa ndani, na vichwa vya mataruma (mbavu za mashua) chini ya ukingo. Halafu tafuta vitundu vya mdudu wa baharini: nje ni kama pini, ndani ubao umekuwa sega la nyuki. Mkuku (uti wa chini wa mashua) ukiwa hivyo, iache. (Ndiyo, haya hufanywa kabla ya kulipa.)

Hatua ya 2: Misumari

Kila panapotiririka kutu, pana msumari unaokwisha. Weka mipya iliyopakwa zinki, minene kidogo kuliko ya zamani, au kwanza ziba tundu kwa kijiti cha mbao. Ya zamani ikiwa ya shaba, tumia shaba. Chuma na shaba zikigusana katika maji ya chumvi, chuma huliwa upesi.

Hatua ya 3: Kalafati (kuziba nafasi kati ya mbao)

Hapa usiharakishe. Kokoa pamba yote ya zamani kwa kijikulabu, hata ile inayoonekana nzima. Sokota pamba mpya, ichovye mafuta, uisukumize kwa chembeu (patasi ya chuma) na nyundo, pigo dogo dogo, mpaka ikae chini ya uso wa ubao kama milimita 3. Juu yake jaza lipu (puti). Mashua yangu ya kwanza niliishindilia pamba kwa nguvu zote wakati mbao zimekauka kau. Ilipoingia majini mbao zikavimba, zikakosa pa kwenda, mbili zikabanduka kwenye mataruma. Ufa wa ubao mkavu usiuzibe kana kwamba utabaki hivyo. Maji yatamalizia kazi. Mwisho paka deheni (mafuta ya kulinda mbao) au rangi ya chini.

Hatua ya 4: Iloweshe

Ishushe bila mlingoti, uifunge kwenye maji haba. Itavuja, na itakutia hofu. Kumba ngama (maji yaliyoingia chini ndani ya mashua) asubuhi na jioni kwa siku mbili tatu. Panapoendelea kutoa maji baada ya hapo, tia alama kwa ndani. Hapo ndipo pa kurudia.

Hatua ya 5: Mlingoti na kamba

Mlingoti wa mashua ya foromali (boriti inayobeba tanga) huinama kidogo kuelekea omo (mbele ya mashua), usijaribu kuunyoosha. Tazama kapi la juu: likikwama, tanga halitashuka siku unayolihitaji lishuke. Henza (kamba ya kupandishia foromali) iwe ya poliesta, kwa kuwa nailoni hunyumbuka na foromali itashuka yenyewe. Nailoni iweke kwenye nanga, huko kunyumbuka ni faida. Ncha ya henza ifunge nyuma, upande wa upepo, iushikilie mlingoti.

Hatua ya 6: Tanga

Jua huua uzi kabla ya kitambaa. Ingiza msumari chini ya mshono, uvute. Uzi ukikatika, shona upya mishono yote. Lifunge tanga kwenye foromali kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, lisiwe na mikunjo. Mashua ikivutia omo kwenye upepo kupita kiasi, sogeza foromali mbele kidogo. Ikikataa kubisha (kwenda dhidi ya upepo kwa kupindapinda), irudishe nyuma.

Safari ya kwanza toka na upepo mwepesi, kasia na upo (chombo cha kukumbia maji) vikiwa ndani. Demani (kamba ya kuongozea tanga) ishike mkononi, au izungushe mara moja tu kwenye kishikio bila fundo, ili dhoruba ikipiga uiachie papo hapo.