Una babu aliyekuwa mkimbiaji? Hivi ndivyo unavyoandika maisha yake

Kama kwenu kuna mzee aliyekimbia miaka ya hamsini au sitini usimwendee na "ulizaliwa lini, una medali ngapi", atakujibu maneno mawili anyamaze. Mimi kwa babu yangu Kongwa nilikosea hivyo hivyo, jioni nzima nikatoka na nusu ukurasa. Kesho yake nikampa shikamoo, nikakaa naye kibarazani nikamuuliza tu, babu, mlikuwa mnakimbia na viatu gani? Akavua ndala akanionyesha kovu la mbigili kisiginoni, akasema viatu vya misumari aliazimwa asubuhi ya mashindano, vikubwa, akajaza makaratasi mbele, basi hapo akaongea mpaka kuku wakaingia bandani. Kwa hiyo anza na viatu, chakula, nani alichora mistari ya chokaa, walienda kwa treni au kwa lori.

Miaka wengi hawaikumbuki, ibane kwa matukio. Huku kwetu kuna karanga, ule mradi wa Waingereza ulianza 1947 ukafa 1951, mzee akisema "matrekta ya karanga yalikuwa bado yapo" umeshapata pa kushika. Halafu Uhuru Desemba 1961, Olimpiki ya Tokyo 1964 ambayo ndo ilikuwa ya kwanza kwetu, na Mexico 1968 pale John Stephen Akhwari wa Mbulu alipoanguka akaumia goti na bado akamaliza marathoni.

Muda ndo penye ugomvi. Babu alisema alikimbia mia kwa sekunde 10 na nusu, binamu yangu akamwambia babu unatudanganya, mzee akanuna siku mbili. Kumbe ilikuwa yadi 100, na yadi 100 ni mita 91.44 tu! Kwa hiyo uliza kwanza, yadi au mita? Robo maili ni yadi 440, mita 402 na ushee, na maili ni mita 1,609, usije ukaiandika 1,500. Saa zenyewe zilikuwa za kubonyeza, mkono unachelewa kuwasha, muda unatoka mfupi kidogo kuliko wa mashine, so andika pembeni "kwa mkono". Namba yake usiibadilishe, hesabu zako weka chini yake.

Rekodi kwa simu, tuma kopi kwa ndugu siku hiyo hiyo. Akiingiza Kigogo andika Kigogo kwanza, tafsiri baadaye. Vyeti piga picha hata kama mchwa wamekula nusu, cha babu kimebaki muhuri na herufi tatu za jina lake, nimekipiga hivyo hivyo.

Na bibi muulize akiwa peke yake. Babu aliniambia aliacha kukimbia kwa sababu ya goti, bibi akasema goti lilikuja baadaye, aliacha mwaka wa njaa, mazoezi yanataka kula na ndani kulikuwa na debe moja la uwele. Nimeandika yote mawili, kila moja na jina la aliyesema.