Kuweka Aikoni Pamoja na Maneno katika Kurasa za Kozi ya Mtandaoni

Mwanafunzi anayefungua kozi yake kwenye simu akiwa katika foleni ya feri ya Likoni hana subira ya kusoma ukurasa mzima ili ajue zoezi limewekwa wapi. Aikoni ndogo kando ya kichwa humwonyesha upesi pa kubofya, ilimradi maneno yabaki papo hapo, kwa kuwa aikoni iliyo peke yake huwaacha watu wakibahatisha. Ile diski ya kuhifadhi faili, kwa mfano, imedumu miaka na miaka, ilhali vijana wengi wanaoibofya hawajapata kuishika diski yenyewe.

Kabla ya kugusa kompyuta, orodhesha mambo yanayojirudia katika kila wiki ya kozi, kama vile kusoma, kutazama video, kujadiliana na kufanya zoezi, kisha ulipe kila jambo aikoni moja ambayo haitabadilika mpaka kozi iishe. Tano au sita zinatosha. Katika kozi ya shughuli za bandari, nanga yaweza kuwa alama ya mafunzo ya vitendo kule Kilindini. Lakini ikishapewa kazi hiyo isipachikwe tena kwenye salamu za kuwakaribisha wanafunzi, hata kama inapendeza, na kwa kweli inapendeza.

Wanaotumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi za mtandaoni, wana wepesi wao, kwa sababu mwonekano wake wa kawaida huja na mkusanyiko wa aikoni za Font Awesome, hivyo hakuna haja ya kupakia picha yoyote. Washa hali ya kuhariri, fungua sehemu unayotaka, kisha katika menyu ya kihariri uchague kuonyesha msimbo wa HTML, yaani lugha inayoujenga ukurasa. Tafuta kichwa chako na umbo lake liwe hivi:

<span class="fa fa-anchor" aria-hidden="true">&nbsp;</span> Mafunzo ya bandarini

Sehemu ya fa-anchor ndiyo inayoleta nanga. Ukiandika fa-book utapata kitabu, na fa-calendar italeta kalenda. Ile &nbsp; ni nafasi tupu, nayo isidharauliwe, kwani kihariri kikikuta lebo isiyo na kitu ndani yake huweza kuifuta unapohifadhi, ukabaki unajiuliza aikoni imekwenda wapi. Nayo aria-hidden huiambia programu inayowasomea skrini wanafunzi wasioona kwamba aikoni irukwe na maneno pekee ndiyo yasomwe.

Ikiwa mfumo wa chuo chako hauna mkusanyiko huo, tumia picha ya SVG, yaani mchoro unaohifadhiwa kama mistari badala ya nukta, ambayo haipotezi ung'avu inapokuzwa na kwa michoro sahili huwa nyepesi, jambo litakalomfaa mwanafunzi mwenye bando dogo. Nafasi ya maelezo ya picha iache tupu, au utie alama kwamba picha ni pambo tu, kwa kuwa maneno ya kando yamekwisha kusema yote. Emoji ni za haraka zaidi, ila sizipendekezi kwa vichwa: sura zake hutofautiana kati ya simu na simu, na programu za kusoma skrini hutaja jina la kila moja kwa sauti.

Kuhusu rangi, miongozo ya WCAG, inayoeleza jinsi ya kufanya kurasa za wavuti ziwafae hata watu wenye ulemavu, hutaka maneno ya kawaida yatofautiane na usuli kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5:1, na aikoni inayobeba maana kwa 3:1. Manjano hafifu juu ya nyeupe haifikii hapo, na kwenye jua la saa saba mchana haitaonekana kabisa.

Hatimaye, fungua ukurasa kwa simu ya kawaida, kwanza katika kivinjari, kisha katika programu ya Moodle ikiwa wanafunzi wako wanaitumia. Kichwa kikivunjika kikaingia mstari wa pili, fupisha maneno yake badala ya kupunguza ukubwa wa herufi.