Harusi ya watu wanane juu ya mlima: Newala au Masasi

Tuelewane kwanza: hii si kutoroshana. Ni harusi ya watu wachache, bila ukumbi wala kamati ya michango, ya wawili wanaopenda kutembea porini kuliko kukaa kwenye viti vilivyofungwa utepe. Kuificha kabisa huku kusini mwa Tanzania ni kujidanganya. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana neno lake kwenye ndoa. Msipomwalika, mwambieni mapema. Mjomba aliyezipata habari sokoni hatawasamehe upesi.

Mambo ya sheria yamalizeni chini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi itolewe angalau siku 21 kabla, na mashahidi wasiopungua wawili. Kwa ndoa ya bomani, notisi mnaipeleka ofisi ya mkuu wa wilaya. Wengi hukwama hapa: wanazihesabu siku kuanzia walipokubaliana nyumbani, si kuanzia notisi ilipopokelewa. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, aje na hati ya talaka au cheti cha kifo cha mwenzake. Wa msikitini na kanisani wamuulize shehe, padri au mchungaji kabla ya kuchagua mlima, maana si kila mmoja atakubali kupanda. Njia rahisi ni kusaini Ijumaa asubuhi, kisha kupanda Jumamosi kwa ajili ya viapo, pete na dua. Shahidi mwenye goti bovu anasaini chini, na mlima haumhusu.

Kwa mahali, Newala ndiyo chaguo letu. Mji upo kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, na pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla: chini ni bonde la Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Hakuna mwendo mrefu, kwa hiyo hata bibi anaweza kufika. Masasi ni kwa wanaotaka jasho. Majabali yake yamesimama peke yake kwenye tambarare, na sehemu nyingine mnapanda kwa mikono. Msitu wa Rondo, upande wa Lindi, una kivuli kizuri lakini miti inaziba mandhari, na kuingia kunahitaji kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali. Popote mtakapokwenda, pitieni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, mtaje siku na idadi ya watu, na mwombe kijana wa pale awaongoze.

Pangeni Juni au Julai. Mvua za huku huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na jabali lenye maji halipandiki kwa nguo ndefu. Kuanzia Agosti mashamba yanachomwa, moshi unatanda bondeni na picha zinatoka za kijivu. Lakini Juni na Julai ndio wakati wa kupulizia mikorosho salfa, na kazi hiyo hufanywa alfajiri majani yakiwa bado na umande. Mkipita shambani saa 1 asubuhi na gauni jeupe, mtafika macho yakiwasha na nguo ina vumbi la manjano. Nendeni alasiri.

Mwezi Julai jua huzama kama saa 12:15 jioni, na giza halichelewi. Fikeni saa 9:30, viapo viwe saa 10:30, picha zikamilike saa 11:30. Newala mnaweza kusubiri machweo. Masasi msithubutu: saa 11:30 muwe mnashuka, kila mtu na tochi yake, kwa sababu wengi huteleza wakati wa kushuka, miguu ikiwa imechoka. Bibi harusi apande na suruali na viatu vya kufunga, gauni likiwa mgongoni ndani ya mfuko wa plastiki. Achague gauni linaloishia kwenye kifundo cha mguu; mkia wa gauni hunasa miiba. Shela ibanwe kwa pini sita au zaidi, la sivyo upepo wa ukingoni utaipeleka Msumbiji. Pete zifungeni kwa uzi kwenye kitambaa hadi dakika ya kuvishana. Simameni hatua tano kutoka ukingoni: udongo wa pale humomonyoka, na mpiga picha hodari anaweza kuonyesha bonde bila kuwasogeza. Droni inahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na hapa ni mpakani, kwa hiyo iacheni nyumbani.

Maji ndiyo yanayosahaulika. Uwanda wa Makonde hunyonya mvua kama kichanga, juu hakuna mito wala visima vya kutegemea. Bebeni lita 3 kwa kila mtu, yaani lita 24 kwa watu wanane, kwenye madumu madogo ya lita 5; dumu la lita 20 litamshinda mbebaji njiani. Kwa chakula, ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa huku) ya kuchemsha na korosho za kukaanga hazimwagiki wala hazichachi. Keki ya krimu itayeyuka.

Marashi makali yaacheni, kwani kwenye majabali kuna nyuki. Mkiona upupu umekauka kando ya njia, upiteni mbali. Ukimpata mtu, asijikune: bandikeni utepe wa gundi juu ya ngozi, muuvute ili utoke na vinyweleo, ndipo aoshe. Kwa hiyo lita nyingine 10 zibaki garini. Nazo zitafaa kunawia miguu kabla ya kuingia ukumbini, kama mjomba ameamua kuandaa sherehe yake mwenyewe.